Chura Aliyewahi

Watoto walimwita Babu Papapa, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba barua ikija na jina lake la kweli, aliigeuzageuza kwanza kama kitu kilichopotea njia. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto. Alikuwa ameandika ishirini na vitatu. Ishirini na viwili vilikufa kifo cha kawaida cha vitabu: vilisomwa, vikasifiwa kidogo, vikachanika majalada, basi. Kimoja ndicho kilichogoma kufa. Kile cha chura.

Kwa asiyekijua, habari yenyewe ni fupi. Kuna chura mdogo ana kigugumizi. Akitaka kusema jambo, neno linamkwama kooni. Basi anajipiga paja mara tatu, pa, pa, pa, ndipo neno litoke. Siku moja anaona nyoka anakuja bwawani. Anakimbia kuwaambia wenzake. Anajipiga paja. Wenzake wanacheka mpaka wanadondokea majini. Anajipiga tena, wanamhesabia: moja, mbili, tatu! Anajipiga tena na tena, na ukurasa wa kumi na tisa neno linatoka, vyura wote wanaruka, na nyoka anakuta bwawa tupu. Hapo kitabu kinaisha.

Kwa miaka arobaini watoto walikuwa wakikisoma kitabu hicho huku wakijipiga mapaja. Darasa zima, pa, pa, pa, mpaka vumbi linatoka kwenye kaptura. Mwandishi alikuwa akialikwa shuleni, anafungua ukurasa wa kwanza tu, na kelele zinaanza. Hakuwa na haja hata ya kusoma. Angeweza kufungua kitabu cha simu.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na namna hiyo ndiyo iliyomlisha. Akishaandika rasimu, haipeleki kwa mhariri. Anaipeleka darasani, lolote litakalomkubali, anakaa kwenye kiti cha mtoto magoti yakiwa karibu na masikio, anasoma huku kalamu ya risasi iko mkononi. Watoto wakicheka, pembeni anaweka duara. Mmoja akianza kujikuna au kuchungulia dirishani, anaweka msalaba. Akirudi nyumbani anachukua mkasi, anakata misalaba yote, anagundisha maduara kwa gundi. "Mimi sikati," alipenda kuwaambia waandishi vijana. "Wanakata wao."

Rasimu ya chura, alipoisoma darasani mara ya kwanza, ilikuwa na mapigo matatu tu ya paja. Matatu yote yalipata maduara. Akaongeza yakafika kumi na moja. Misalaba ilikuwa mingi vilevile, na yote ilikuwa sehemu moja: pale chura alipofukuzwa akajipange peke yake. Akakata. Vipande vile hakuvitupa, akavitia kwenye bahasha, akaandika juu yake "chura, mabaki", akaisukuma chini kabisa ya droo. Tangu siku hiyo hakuifungua.

Sasa wiki moja mhariri akaja nyumbani, binti mwenye miwani na mkoba mzito kuliko yeye. Akatandaza karatasi mezani kabla hata hajakaribishwa kiti.

"Mzee, toleo la miaka arobaini. Jalada gumu! Rangi kila ukurasa! Na hapa nyuma," akagonga kona ya karatasi, "tunaweka kidude. Mtoto akibonyeza, kinapiga pa, pa, pa."

"Kinapiga chenyewe?"

"Chenyewe, mzee. Betri."

"Mtoto ana mapaja mawili, betri ya nini?"

Mhariri akacheka akidhani ni utani. "Kimebaki kitu kimoja. Ukurasa mmoja wa mwisho, kwa mkono wako: chura alitoka wapi. Ile ya mvua, chura amekaa juu ya geti anashindwa kulia. Walimu wanaipenda. Ila iongezee nyama kidogo. Ijumaa mchana naifuata, Jumatatu mashine inazunguka."

Ile ya mvua na geti ilikuwa uongo. Alikuwa ameitunga miaka ile mbele ya mwandishi wa gazeti aliyemuuliza swali hilohilo, na akaendelea kuirudia mpaka ikapata rangi ya geti. Lilikuwa la kijani. Mhariri alipoondoka, alikaa na kalamu, akaandika "Siku moja ya mvua", kalamu ikasimama.

Kesho yake alasiri, ikaja hodi ambayo hakuitegemea. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi saa, mtu wa miaka sitini na sita, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Ndugu hawa hawakuwa wamegombana. Walionana misibani na harusini, wakaulizana hali, wakaagana. Ila kuja nyumbani kwa kaka yake, fundi saa hakuwa na desturi hiyo.

"Leo jua limechomozea upande gani? Pita, pita."

"Si-sikai, Kaka."

"Hukai nini, hata kiti hujakiona."

Fundi saa akakaa ukingoni mwa kiti, kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata. Kigugumizi chake hakikuwa kimekwisha, alikuwa amekibana tu kwa kusema machache. Neno lenye herufi ngumu alilikwepa, akachukua jirani yake. Watu wengi walimwona mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa akichagua.

"Bi Mkubwa a-amenyamaza," akasema.

Bi Mkubwa alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka saba. Waliompa jina hilo ni wazazi wake, kwa sababu alikuwa akiamrisha nyumba nzima: nani aoge, nani azime redio, nani amekaa vibaya. Naye alikuwa na kigugumizi, kikubwa kuliko cha babu yake, lakini hakikumzuia kufoka.

"Amenyamaza vipi? Yule?"

"Darasani. Wanasoma ki-kitabu chako. Mwalimu akimwita tu..." Fundi saa hakumaliza kwa mdomo. Aliinua mkono wa kulia akajipiga paja, mara tatu, polepole, si kwa kutafuta neno, bali kwa kuonyesha. "Darasa zima. Sasa akiitwa, a-anaomba ruhusa ya kwenda nje. Mwezi mzima. Na nyumbani pia ameanza."

Mwandishi alikuwa akiutazama ule mkono. Alikuwa hajauona ukifanya vile kwa miaka arobaini. Utotoni mdogo wake alijipiga paja kutwa. Huo ndio ulikuwa ufunguo wake, neno likikwama anapiga, linatoka. Mwaka kitabu kilipotoka na watoto wa mtaani wakaanza kusimama mlangoni mwa duka lake la saa wakipiga mapaja na kukimbia, aliacha. Tangu hapo neno likikwama, linakwama. Anafunga mdomo, anasubiri, au anaandika kwenye karatasi ya risiti.

"Unataka nifanye nini, mdogo wangu?"

"Sijui." Akasimama. "Wewe ndiye mwa-mwandishi."

Akaondoka bila hata kunywa maji.

Mwandishi akabaki na karatasi yake ya siku moja ya mvua. Chura alitoka wapi alikuwa akijua vizuri sana. Chura alitoka Jumamosi moja asubuhi, yeye akiwa na miaka kumi na minne na mdogo wake minane.

Siku hiyo baba yao alikuwa kazini. Mama alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa mezani chumba cha mbele anaandika insha ya mashindano ya shule, na sentensi nzuri ilikuwa inakuja, ile sentensi ambayo mtu akiitikisa inaanguka. Mdogo wake akaingia mbio, akasimama mlangoni, mdomo wazi. Akajipiga paja. Pa, pa, pa. Neno halikutoka. Akajipiga tena.

Yeye akacheka. Akaweka kalamu akamhesabia, kama walivyozoea kumhesabia pale mtaani: "Moja! Mbili! Tatu! Bado? Haya nenda kule nyuma ya mlango ukajipange. Ukiwa tayari, urudi."

Mtoto akaenda. Akarudi. Akajipiga paja mpaka likawa jekundu, machozi yanatoka, neno halitoki, na kaka yake, jicho liko kwenye insha, akamwonyesha mlango kwa kidole. Rudi ukajipange. Mara ya tatu mtoto hakujaribu tena kusema, alimvuta shati. Hapo ndipo wakaenda nyuma ya nyumba, wakamkuta Mama amelala kando ya beseni, povu la sabuni limeshaanza kukauka mkononi.

Hospitalini daktari alisema neno moja tu kwa baba yao, tena kwa upole: "Mngemleta mapema kidogo, tungejaribu."

Baba alirudi nyumbani jioni ile, akawakalisha wote wawili. "Nani alimwona kwanza?"

Mdogo akajionyesha kidole.

"Mbona hukusema?"

Mtoto akafungua mdomo. Akajipiga paja. Na yeye, kaka mtu, ambaye neno halijawahi kumkwama tangu azaliwe, ambaye angeweza kusema mara moja, "Alisema, Baba, mimi ndiye niliyemrudisha," alitazama sakafu. Alitazama hivyo mpaka baba akachoka kusubiri, akainuka.

Insha ilishinda. Alipewa kamusi.

Baba hakuwa mkali, lakini swali lile halikumtoka. Kila baada ya miezi, akiwa amekaa tu, angemgeukia yule mdogo: "Mbona hukusema, mwanangu?" Kitabu cha chura kilipotoka alikuwa bado hai, na alikipenda kuliko mtu yeyote. Alikisoma kwa sauti, akajipiga mapaja yake ya kizee. Siku moja mbele ya wageni akamwambia fundi saa, huku anacheka, "Unaona? Hata chura aliwahi." Mwandishi alikuwepo chumbani. Alicheka na wageni.

Haya yote alikuwa nayo miaka yote, kama mtu mwenye jiwe kiatuni aliyejizoeza kutembea asichechemee. Alihama miji, alibadilisha nyumba, aliandika vitabu vya sungura, vya treni, vya mtoto asiyependa kuoga. Kila alipofika alikuta watoto wanajipiga mapaja.

Jioni hiyohiyo, mdogo wake alipoondoka, alimpigia simu mhariri. "Mwanangu, kitabu kiondoeni."

"Kiondolewe wapi, mzee?"

"Kisichapwe. Sio hilo toleo tu. Kife."

"Mzee, umekula?"

"Nimekula."

"Nipe sababu basi. Wakubwa zangu nitawaambia nini?"

Akafungua mdomo. Sababu ilikuwa pale, ina maneno matatu tu. "Nitakupa Ijumaa," akasema, akakata simu, akafungua droo akatoa bahasha.

Vipande vilikuwa vimejikunja kama maganda. Alivisoma amesimama, kisha akavuta kiti akavisoma tena tangu mwanzo. Kijana aliyeandika vile alikuwa anajua. Alikuwa amejaribu kusema, kwa njia ya vyura. Kisha watoto thelathini wakajikuna, akachukua mkasi.

Asubuhi ya pili alikwenda dukani kwa mdogo wake. Kilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, saa zimejaa kuta zote, kila moja inasema wakati wake, maana fundi saa hakuzirekebisha zifanane mpaka mwenyewe aje kuchukua. Fundi alikuwa ameinama mezani, kioo kimebanwa jichoni, kibano mkononi.

"Na-nisubiri. Hii ina skrubu ndogo kuliko chawa."

Mwandishi akasubiri. Skrubu ilipoingia, akasema, "Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya kucheka siku ile. Na ya kitabu. Kukuweka kitabuni watu wakucheke miaka arobaini."

Fundi saa akatoa kioo jichoni. Lile jicho lilikuwa na duara jekundu kulizunguka. "Ulidhani si-sijui ni mimi?"

"Sikujua kama unajua."

"Kaka. Chura a-ana kigugumizi, anajipiga paja. Ulitaka nidhani ni nani, mchungaji?"

Walicheka kidogo, kicheko cha kukwaruza, kikaisha. Mwandishi akamwambia kwamba kitabu anakiondoa. Kisichapwe tena.

"Hapana," fundi saa akasema, haraka mpaka akajishangaa. Akavuta mtoto wa meza. Chini ya mikanda mibovu ya saa akatoa kitabu, toleo la kwanza kabisa, jalada limekwisha. Hakikuhitaji kufunguliwa, kilifunguka chenyewe ukurasa wa kumi na tisa, karatasi imechakaa pale pa kushikia. Chura ameruka juu, mdomo wazi, vyura wote wako hewani, na nyoka anafika bwawa tupu.

"Hapa na-nimewahi," akasema. "Huu ukurasa usiuguse. Watoto wangapi wameusoma? Wote hao wanaona ni-nimewahi." Akakifunga. "Baba aliposema hata chura aliwahi, nilitaka kumwambia chura ni mimi, Baba. Neno likagoma. A-akafa bado ananiuliza mbona sikusema."

Hapo palikuwa mahali pake. Mwandishi aliliona lile neno limekaa mbele yake, lile la maneno matatu. Mdogo wake alikuwa anamtazama, hakumharakisha, maana katika watu wote duniani yeye ndiye aliyejua kusubiri neno la mtu. Saa zilipiga kila moja na lake.

"Nimekuletea kitu," mwandishi akasema badala yake, akatoa bahasha.

Fundi saa akarudisha kioo jichoni, akasoma vipande kimoja kimoja, kama anavyosoma namba za ndani ya saa. Kwenye kipande kimoja akasimama. Akakisoma mara mbili.

"U-ulijuaje hii?"

"Ipi?"

"Kwamba nyuma ya mlango nililisema."

Mwandishi alichukua kile kipande. Kilisema chura mdogo alipokwenda nyuma ya matete kujipanga, alilisema neno lile peke yake, vizuri kabisa, bila kukwama. "Sikujua. Niliitunga tu."

"Nililisema. Mara tatu. Safi kama re-redio." Akavipanga vipande vyote, akavirudisha kwenye bahasha, akamkabidhi. "Ma-maana kama unataka kunifanyia jambo, usiue kitabu. Nenda ukamsomee Bi Mkubwa hivi. Mbele ya wale wenzake."

"Watajikuna."

"Na wa-wajikune."

Alhamisi ikawa darasa la pili, watoto arobaini na kitu, wawili wawili mezani, namba za karatasi zimebandikwa ukutani na chura mmoja wa rangi ya kijani aliyechorwa na watoto, miguu yake sita. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana mwenye filimbi shingoni. Mwandishi alipoingia darasa lilisimama kwa kishindo.

"Shikamoo, Babu Papapa!" Na palepale, bila kuombwa, pa, pa, pa.

"Marahaba. Kaeni, mapaja hayo mtayahitaji ukubwani."

Walicheka. Bi Mkubwa alikuwa peke yake meza ya nyuma karibu na mlango, mtoto mwembamba mwenye shingo ndefu, tayari ameshaelekeza magoti nje. Nje ya mlango, kwenye kibaraza, alisimama babu yake, kofia mkononi. Alikuwa amesema hataingia.

Mwandishi akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika masikioni. Akatoa vipande kwenye bahasha. Mkono wenyewe ukaenda sikioni kuchukua kalamu ya risasi. Akaitoa, akaiweka sakafuni.

"Hiki ni kitabu chenu kilekile, ila hizi ni sehemu nilizozikata kabla hamjazaliwa. Mama zenu walikuwa hawajazaliwa. Hakuna pa kupiga paja."

Akasoma. Alisoma kwamba chura mdogo alipofika mbio, kaka yake, chura mkubwa, alikuwa anaandika. Kwamba chura mkubwa alicheka, akahesabu, akamwambia nenda nyuma ya matete ukajipange. Mtoto wa mbele akaanza kujikuna goti. Mwingine akachungulia dirishani. Mwandishi akaendelea. Alisoma kwamba nyuma ya matete chura mdogo alilisema neno lile vizuri kabisa, na hapakuwa na mtu wa kulisikia. Kwamba alirudi, akarudishwa. Kwamba kila aliporudishwa nyoka alikuwa karibu zaidi.

Alipomaliza, akavirudisha vipande kwenye bahasha.

"Nani ana swali?" mwalimu akauliza.

Kule nyuma mkono mmoja ukainuka, ukashuka, ukainuka tena. Mwalimu alitaka kuuliza kama ni ruhusa ya kwenda nje. Mwandishi akampungia, ngoja.

Bi Mkubwa alisimama. Akafungua mdomo. Neno likakwama, lilionekana kabisa, shingoni. Mtoto mmoja akacheka puani. Mkono wa Bi Mkubwa ukashuka pajani ukabaki pale, haupigi. Mwalimu akainama kumsaidia, "Unataka kuuliza kuhusu nyo..."

"Mwache," mwandishi akasema.

Na akasubiri. Kazi aliyokuwa hajawahi kuifanya maisha yake yote. Ilikuwa ndefu. Alisikia kiti kinalia, mtu anakohoa darasa la jirani, na ndani yake mwenyewe kitu kinataka kuhesabu, moja, mbili, akakikaba. Bi Mkubwa akajipiga paja, mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu haikutosha. Ya nne, ya tano.

"Yu-yule chura mkubwa," akasema. "A-a-alimwambia baba yao?"

"Kumwambia nini?"

Akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeacha redio inawaka. "Kwamba ni yeye a-aliyemrudisha!"

Hilo halikuwemo kwenye vipande. Hata yule kijana mwenye rasimu hakuthubutu kufika huko. Baba hayumo kitabuni, mtoto alikuwa amemtia mwenyewe, kama ilivyo nyumba yoyote yenye kaka na mdogo wake.

"Hapana," mwandishi akasema. "Hakumwambia."

"Kwa nini?"

"Aliogopa. Halafu baba yao akafa."

"Na mdogo wake je? A-alimwambia mdogo wake?"

Fundi saa alikuwa amesogea mpaka kizingitini. Kofia ilikuwa imeacha kuzunguka mikononi mwake.

"Bado."

"Ba-basi aseme," Bi Mkubwa akasema, akaketi, akakunja mikono. Jambo limeamuliwa.

Mwandishi akasimama kutoka kile kiti kidogo, kikainuka naye kidogo kabla ya kumwachia, na watoto wawili wakacheka. Akageukia mlango. Maneno yalikuwa matatu. Alikuwa ameandika maelfu kwa maelfu, ya sungura, ya treni. Akafungua mdomo, neno likakwama. Akajaribu tena. Watoto arobaini walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyemhesabia. Bi Mkubwa ndiye aliyemwonyesha, kwa ishara ndogo ya mkono pajani, kama mkubwa anayemfundisha mtoto: hivi.

Akajipiga paja. Lilikuwa paja la mzee, halikutoa mlio wa maana.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemrudisha. Yeye alikuja kusema, Baba akamlaumu yeye, mimi nikanyamaza. Miaka yote. Hata Baba alipocheka mbele ya wageni, nilicheka naye."

Mwalimu alitazama sakafu. Fundi saa akatazama saa ya mkononi, kwa mazoea ya kazi, kama anayeandika saa ngapi jambo limetokea.

"Ume-umechelewa sana, Kaka," akasema.

"Najua."

Fundi saa akavaa kofia, akaivua tena, hakuondoka. Bi Mkubwa alimtazama babu yake, akamtazama mwandishi, kisha akasogea kwenye benchi lake akigonga nafasi iliyobaki.

"Wo-wote mkae," akasema. "Mnazuia mlango."

Wakakaa. Benchi lilikuwa la watoto wawili, wazee wakabanana juu yake bega kwa bega, hawatazamani. Mwalimu, kwa kukosa jingine la kufanya, akawaambia watoto wafungue ukurasa wa kumi na tisa. Mwandishi hakuwa na kitabu. Mdogo wake akatoa cha kwake ndani ya koti, kikafunguka chenyewe, akakiweka katikati yao.